Nilivyousemea udongo kwenye bunge la Maine bila kuwa na kura

Aliyeniambia kwamba asiye raia hana ruhusa ya kusema mbele ya bunge la jimbo alinichelewesha bure. Hapa Maine, jimbo la Marekani, kila mswada hupewa kikao cha hadhara, na yeyote anaweza kuzungumza. Hawakuulizi pasipoti. Unataja jina, mji unaokaa, na kama unaunga mkono, unapinga au uko katikati.

Mswada niliousemea ni LD 1911 wa mwaka 2022, wa kukomesha kumwaga tope la maji taka mashambani. Kwa miongo mingi wakulima walipewa tope hilo kama mbolea, kumbe lina PFAS, kemikali za vikaango visivyogandisha na makoti ya mvua, ambazo haziozi. Kule Arundel, mfugaji Fred Stone aliikuta sumu hiyo hadi kwenye maziwa ya ng'ombe wake. Mimi nalima lengalenga, yaani mchicha, na nyanya chungu kwenye ardhi ya kukodi karibu na Lewiston, na akina mama wengi wa kanisani kwetu wanapikia watoto mboga zangu. Ningenyamazaje?

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa barua iliyokwisha kuandikwa: weka jina lako, watumie wote. Wawakilishi ni 151, maseneta 35. Nilituma mpaka usiku wa manane, nikavuna majibu ya kompyuta tu. Nikampigia simu mwakilishi wa mtaa wangu siku ya Jumamosi, akapokea mwenyewe. Akasema barua za kufanana wanazihesabu, hawazisomi. Niwaeleze habari za shamba langu.

Sasa sikieni hili. Unapewa dakika 3, lakini wajumbe wa kamati inayosikiliza mswada wakikuuliza swali, majibu yako hayaingii kwenye dakika hizo. Nililigundua kwa kuangalia vikao vya nyuma mtandaoni: wazoefu hawamalizi maneno yote. Basi nikaeleza shamba langu, na mwisho nikasema, "Udongo wangu bado sijaupima, na sababu si uvivu." Nikashukuru, nikanyamaza. Tulikuwa kwenye Zoom kwa ajili ya corona. Mjumbe mmoja akafungua kipaza sauti: sababu ni ipi?

Nikamwaga yote! Kipimo kimoja kinakula mamia ya dola. Mkataba wangu hausemi kama tope liliwahi kumwagwa pale, na mwenye ardhi mwenyewe hajui. Nikasogeza pakiti ya mbegu za lengalenga kwenye kamera nikasema, theluji ikiisha nazipanda hizi, niambieni nizipande wapi. Mwingine akataka kujua lengalenga ni nini. Nikapata dakika nyingine kadhaa.

Wenye mitambo ya maji taka walipinga, wakauliza tope litapelekwa wapi. Hoja hiyo ni ya haki, na baada ya sheria kupita gharama za kulitupa zilipanda kweli. Iandalie jibu mapema. Langu lilikuwa kwamba gharama hiyo haiwezi kubebwa na matumbo ya wala mboga.

Wengi wakishasema huondoka. Wewe fuatilia kikao cha kazi cha kamati, maana hapo ndipo mswada unapobadilishwa maneno, na mwakilishi wako aliye tayari kupokea simu ndiye atakayekuambia kifungu gani kinataka kunyofolewa.

Aprili 2022 gavana Janet Mills alitia saini, na Maine ikawa jimbo la kwanza Marekani kupiga marufuku tope hilo mashambani. Mwaka huohuo zikatengwa dola milioni 60 kwa wakulima walioathirika. Ukiwa Lewiston na una mswada unaokuuma, nitafute sokoni tuandike ushuhuda wako pamoja.