Wana wa Merari na vitako 100 vya fedha

Ukisoma Hesabu sura ya 3 na ya 4 katika Biblia, kati ya jamaa tatu za Walawi (Wakohathi, Wagershoni na Wamerari) macho hukimbilia Wakohathi, maana wao ndio waliobeba Sanduku la Agano. Wana wa Merari, yaani koo za Mahli na Mushi, hupitwa haraka. Kwangu mimi, hakuna Walawi waliokuwa na kazi ngumu kupanga kama wao: walibeba nyumba yenyewe ya Maskani, hema la ibada la Waisraeli jangwani.

Tazama mzigo wao. Mbao 48 za mshita zilizofunikwa dhahabu, kila moja urefu dhiraa 10 na upana dhiraa moja na nusu, kama mita 4.5 kwa sentimita 68. Mataruma 15, yaani miti ya kuzishikanisha, inayopitishwa kwenye pete za mbao. Nguzo 4 za pazia, 5 za mlangoni, na 60 za ua pamoja na vitako vyake vya shaba (misingi ya kuzisimamishia), vigingi na kamba. Halafu vitako 100 vya fedha: viwili chini ya kila ubao, vinne chini ya nguzo za pazia. Kila kimoja talanta nzima, karibu kilo 34. Fedha hiyo ilikuwa ya nusu shekeli kwa kila mwanamume aliyehesabiwa. Talanta ni shekeli 3,000, kwa hiyo kitako kimoja ni mchango wa watu 6,000.

Wamerari walipewa magari 4 na ng'ombe 8, mara mbili ya Wagershoni. Piga hesabu: fedha peke yake ni kama tani 3.4, zaidi ya kilo 800 kwa gari kabla hujapakia ubao hata mmoja. Naamini vingi vilibebwa na watu, na watu walikuwepo: 3,200 wa umri wa miaka 30 hadi 50, chini ya Ithamari mwana wa Haruni.

Ndiyo maana Hesabu 4:32 inaagiza vitu vikabidhiwe kwa majina. Ubao una ndimi mbili za kuchomekwa chini, kila ulimi na kitako chake. Kimoja kikikosekana, ubao hausimami. Kikikaa kombo, pete hazilingani na taruma halipiti; na taruma la katikati hutoka mwisho hadi mwisho, mbao 20, dhiraa 30, hivyo kasoro ya ubao wa kwanza huonekana hadi wa ishirini. Kitabu cha Kutoka 40:18 kinataja mpangilio: vitako, mbao, mataruma, nguzo. Mapazia yaliyobebwa na Wagershoni husubiri.

Safarini, Wamerari na Wagershoni waliondoka nyuma ya kambi ya Yuda, Wakohathi nyuma ya kambi ya Reubeni, ili Maskani iwe imesimama kabla vyombo vitakatifu havijafika. Wamerari wakichelewa, Sanduku liko mabegani na halina pa kuwekwa.

Siku za Daudi mzigo huo ukakoma. Ethani, wa ukoo wa Merari, akawekwa kati ya waimbaji wa matoazi ya shaba. Hosa, naye wa Merari, pamoja na wanawe na ndugu zake, watu 13, wakawa mabawabu, na kura ya Hosa ikaangukia upande wa magharibi, penye lango la Shalekethi.