Reli iliyopita baharini

Mimi ni mtoto wa landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Muthurwa, Nairobi. Baba alikuwa fundi karakana. Kwa hivyo dadangu, muuguzi kule Brighton, aliponiambia nikimtembelea atanionyesha reli iliyolazwa baharini, nilidhani ananichezea shere.

Tulipanda basi la ghorofa, kama kilomita 6 kutoka katikati ya mji, tukashuka Rottingdean. Kijiji hiki Brighton ilikimeza mwaka 1928, kama Nairobi ilivyoimeza Dagoretti, ila chenyewe bado kinajiona kijiji: kidimbwi cha bata, nyumba za mawe ya gumegume, kinu cheusi cha upepo kilimani tangu 1802. Nilivipita haraka. Nilifuata reli.

Maji yalikuwa yamekupwa. Chini ya majabali meupe, dadangu alininyoshea kidole: vibonge vya zege vilivyobeba reli vimejipanga ndani ya mwani, vinaelekea Brighton. Basi.

Magnus Volk, mhandisi wa Brighton, ndiye aliyezua jambo hilo. Tayari alikuwa na treni ya umeme ufukweni tangu 1883, na hiyo inabeba watu mpaka leo. Alitaka kufika Rottingdean, lakini majabali yalimzuia, akaona heri apite majini. Akaunda behewa lenye miguu minne mirefu, kama mita 7, magurudumu yakibiringika chini ya maji, abiria wamekaa juu wakipunga upepo. Sheria iliihesabu kuwa chombo cha baharini, kwa hivyo ilibidi iwe na nahodha na mashua ya kuokolea watu. Hebu fikiria matatu ya Rongai ina mashua juu ya keria!

Ilifunguliwa Novemba 28, 1896. Haikumaliza wiki, dhoruba ikaibwaga. Volk akaiinua tena mwaka uliofuata, lakini maji yakijaa ilitembea kama kobe, na mwaka 1901 baraza la mji lilitaka kurefusha kuta za kuzuia mawimbi pale ilipopita. Hakuwa na pesa za kuihamisha.

Nilisimama pale nikihesabu miaka. 1896 ndio mwaka Waingereza walipoanza kulaza reli Mombasa. 1901 ndipo ilipofika Kisumu. Miaka ile ile! Yao ikafa, yetu ikazaa Nairobi njiani, na ikanizaa mimi Muthurwa.

"Umeshaona mawe yako?" dadangu akauliza. "Mimi naganda kwa baridi."

Niliporudi nilimsimulia mzee. Umeme, dhoruba, nahodha, vyote alivisikiliza bila kupepesa jicho. Kisha akauliza swali moja tu, la fundi.

"Upana wa reli?"

"Kutoka mguu hadi mguu, mita tano na nusu, Baba."

Akaweka kikombe chini. Reli aliyoihudumia yeye ilikuwa ya mita moja.

"Tano na nusu," akasema. "Hiyo ingebomoa landhi zote."