Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa fizikia, Goma

Saa kumi na moja alfajiri. Kazi ya kwanza ni mbabula, jiko letu la makala (makaa). Maharage yamelowekwa tangu jana jioni, nami napuliza makala hadi yaive wekundu. Mama watoto alikulia Uvira, na tangu tuoane analalamika kwamba maharage ya Goma yanakula makala kuliko ya kwao. Ana haki kabisa. Uvira iko kando ya ziwa Tanganyika, chini yetu kwa mita 700 hivi. Huku juu hewa inayakandamiza maji kwa nguvu ndogo zaidi, kwa hiyo yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, wakati ya kwao yanakaribia 98. Nyuzi hizo chache ndizo zinazochelewesha chungu.

Jambo hili nalirudia kwa kila jirani: maji yakishaanza kutokota, kuongeza makala hakuyazidishii joto. Moto wa ziada wote unaondoka na mvuke. Basi nafunika sufuria, naziba kidogo kidirisha cha mbabula, na maharage yanaiva kwa moto mdogo. Mfuko wa makala unakaa siku zaidi, na mti mmoja zaidi unabaki umesimama.

Saa moja na nusu. Natembea kwenda shuleni juu ya mawe meusi ya volkano ya 2002. Asubuhi yana baridi. Jioni, baada ya jua la kutwa, nyayo zinayasikia hata kupitia viatu.

Saa tatu. Darasa la fizikia. Tunafundisha kwa Kifaransa, na wanafunzi wanakariri aina za nishati kama majina ya watakatifu: ya mwendo, ya joto, ya mwanga, ya umeme, ya kikemikali. Wanataja zote bila kukosea. Ukiwauliza ya mwendo imetoka wapi, kimya. Hilo linaniuma kuliko alama mbaya. Leo mwanafunzi mmoja amekuja na chukudu ya kaka yake, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, kwa ruhusa yangu, na tumetoka wote uani.

Nikahamia Kiswahili. Tuseme chukudu, viazi na mwenyewe ni kilo 300, naye anateremka kutoka upande wa Munigi hadi mjini, mita 100 za kimo. Zidisha kilo 300 kwa 10, mvutano wa dunia, kisha kwa mita 100: juli 300,000, yaani kilojuli 300. Hiyo ndiyo nishati iliyokuwa imejificha ndani ya mzigo kwa sababu tu ulikuwa juu. Akifika chini amesimama, imekwenda wapi?

Mwenye chukudu akakanyaga kile kipande cha tairi kuukuu kinachobana gurudumu la nyuma, wenzake wakamsukuma kuzunguka uwanja mara tano. Kisha kila mmoja akagusa. "Mwalimu, inachoma!" Nikawaambia: kilima kiko hapo, mkononi mwenu. Lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka kwa kimo chetu inahitaji kilojuli 315 hivi. Mteremko mzima, na mzigo wote ule, ni chai ya watu watatu.

Mwingereza James Prescott Joule alifanya jambo kama hilo mwaka 1845: vizito vikishuka vinazungusha makasia ndani ya chombo cha maji, naye akapima maji yalivyopata joto. Kipimo cha juli kina jina lake. Nadhani angependa sana kuiona chukudu.

Msichana wa dawati la nyuma akauliza nani alilipia kilima. Swali bora la mwaka! Aliyelipia ni kaka aliyepanda akisukuma, na kaka alilipiwa na bugali na sombe (majani ya muhogo), navyo vililipiwa na jua la shambani.

Saa sita mchana. Kuranti, yaani umeme, imekatika. Simu yangu inachaji kwenye sahani ya jua ya jirani wa shule.

Saa tisa. Soko la Kituku, kununua sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Kila nikisimama ufukweni nawaza yaliyo chini: kina cha ziwa Kivu kimeyeyusha mita za ujazo bilioni 60 hivi za gesi ya methani, zilizobanwa na uzito wa maji. Ng'ambo, Karongi nchini Rwanda, kiwanda cha KivuWatt kinapandisha maji ya kina, gesi inatoka yenyewe mkandamizo ukipungua, inachomwa, na tangu 2016 inatoa megawati 26. Kwetu sehemu ya umeme inatoka kituo cha Matebe, kwenye maji yanayoporomoka ya mto Rutshuru. Yale maji ni chukudu nyingine, ila yanapanda bure kwa jua na mvua.

Saa moja jioni. Taa za wavuvi zimeanza kuwaka ziwani. Sambaza zinakaangwa, maharage yanapashwa. Simu inalia, ni yule mwanafunzi.

"Mwalimu, kaka anauliza: mvua ikinyesha breki haipati joto. Ile nishati inakwenda wapi?"

"Inabaki kwenye mwendo. Mpira uliolowa unateleza, hausuguani vya kutosha. Mwambie barabara ikilowa aanze kubana mapema, kabla chukudu haijashika kasi, na apunguze gunia moja."

Nikamsikia akimwelezea kaka yake, kwa maneno yake mwenyewe, tangu juu Munigi mpaka chini.