Tinos, kupanda kwa magoti

Meli kutoka Rafina, bandari iliyo karibu na Athens, kwenda kisiwa cha Tinos, Ugiriki, ilijaa mpaka kwenye ngazi. Ilikuwa tarehe 14 Agosti, mkesha wa sikukuu ambayo sisi Wakatoliki tunaiita Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria na Waorthodoksi wa Ugiriki wanaiita Kulala kwa Mama wa Mungu. Upepo wa kaskazini ulituyumbisha njia nzima, bibi wawili wakatapika, wakafuta midomo, wakaendelea kusali.

Ukishuka bandarini Tinos, barabara inapanda moja kwa moja hadi kanisa la Panagia Evangelistria, kanisa la Bikira Maria, karibu mita 800. Pembeni pametandikwa ukanda wa zulia kwa ajili ya mahujaji wanaotambaa kwa magoti. Niliandamana na mama mmoja wa makamo aliyejifunga taulo magotini kwa kamba. Anasogeza viganja, anavuta goti, anavuta lingine. Bintiye alitembea kando na chupa ya maji. Zulia lilikuwa limechakaa hadi nyuzi, na chini yake ni lami iliyopikwa na jua. Walionitangulia walikuwa wamechubuka mpaka damu.

Nilitegemea vilio. Wapi! Wengi walikaza uso kama watu walio kwenye foleni ya benki. Mtu huweka nadhiri wakati wa shida, na shida ikiisha, ahadi ni deni. Nilimuuliza yule binti mama yake alimwombea nani. Akajigusa kifuani: yeye mwenyewe, alipokuwa mdogo.

Ndani ya kanisa kuna ikoni, yaani picha takatifu, iliyofukuliwa mwaka 1823, baada ya mtawa Pelagia kuoteshwa mahali ilipozikwa. Mchoro wenyewe huuoni. Umefunikwa dhahabu na vito. Juu zinaning'inia taa na sadaka za madini ya fedha, nyingi zenye umbo la merikebu, maana hiki ni kisiwa cha mabaharia. Mshumaa wangu mrefu haukuungua hata nusu, mhudumu akaung'oa kupisha wa wengine. Nilichukia kidogo, nakiri.

Kesho yake ikoni ilishushwa kwa maandamano hadi bandarini. Wagonjwa walilala chali barabarani ipite juu yao, na mama mmoja akamlaza mwanawe katikati ya njia bila kusita. Baharini lilitupwa shada la maua: hapo ndipo nyambizi ya Italia ilipoizamisha manowari ya Kigiriki Elli, sikukuu hiyohiyo, 15 Agosti 1940, ikiwa imetia nanga kwa heshima ya Bikira. Kisha honi za meli zikalia, na watu wakaanza kugombania tiketi za kurudi.