Kabla Hujamlaumu Udongo: Tafakari ya Alma 32

Ndugu na dada wapendwa,

Juma hili tukae na Alma 32, sura ya Kitabu cha Mormoni ambamo nabii Alma analinganisha neno la Mungu na mbegu ya kujaribiwa kwa kupandwa moyoni. Wengi wetu tunaijua kwa moyo, lakini nyumbani au darasani, mmoja anapoamini na mwenzake amekwama, tunaigeuza fimbo. Aliyekwama husema: nimesali, nimesoma, nimeshika amri, sijaona kitu, na mstari wa 32 unasema mbegu isiyomea si njema, itupwe. Mwenzake humjibu kwa mstari wa 39: mbegu ni njema, udongo wako ndio mkavu. Mazungumzo huishia hapo, na anayeondoka na jeraha ni yule aliyethubutu kusema ukweli wake.

Mistari hiyo miwili haizungumzii hali moja. Ule wa 32 ni wa mbegu iliyopandwa ikakataa kuota. Wa 37 hadi 39 ni ya mti uliokwisha kuchipua, ukaachwa bila kutunzwa, jua likauchoma kwa kuwa haukuwa na mizizi. Basi kabla ya kumsemesha mtu habari za udongo wake, muulize: kuna chochote kilichowahi kuchipua? Jibu analo yeye. Dalili zilizotajwa katika mstari wa 28 ni za ndani kabisa: neno kuvimba kifuani, nafsi kupanuka, akili kuangazwa, na neno lenyewe kuanza kuwa tamu. Askofu hawezi kuziona kwa niaba ya mtu. Mume, mke na mzazi pia hawawezi.

Tusisahau waliokuwa wakisikiliza siku ile. Walikuwa maskini wa Wazorami, watu waliojitenga na Wanefi, nao walikuwa wamefukuzwa katika masinagogi waliyoyajenga kwa mikono yao, kisa mavazi duni. Wenzao matajiri walipanda Rameumptomu, jukwaa lao refu la kusalia, mara moja kwa juma, kila mmoja kwa zamu, wakikariri sala ile ile ya kujihakikishia kwamba wao ndio wateule. Uhakika ulikuwa tele pale juu. Alma aliwageukia wasio na kitu, na hakuwadai uhakika. Aliwaomba chembe ya imani, hata kama ni kutamani tu kuamini. Kwa hiyo kuchagua kuamini si kujilazimisha kusimama mimbarini na kusema "najua" wakati hujui. Ni kulipa neno nafasi, na kutoling'oa kabla halijapata muda.

Nafasi hiyo hutolewa vipi? Chagua neno moja. Anayejaribu zaka, Neno la Hekima (ufunuo wa kujiepusha na pombe, tumbaku, chai na kahawa), sala na Kitabu cha Mormoni chote kwa mkupuo hatajua kipi kilimea na kipi kilimchosha. Anza Jumapili ya mfungo, ambayo kwa kawaida ni ya kwanza ya mwezi, ukifunga milo miwili mfululizo kama afya inaruhusu, ukitaja katika sala neno unalolijaribu, kisha uendelee walau hadi Jumapili ya mfungo inayofuata. Kila juma andika mistari michache: kilichotokea, na pia ambacho hakikutokea. Usipime kwa machozi ya mwingine kwenye mkutano wa ushuhuda, maana wapo wanaoangazwa akilini bila hata tone la chozi.

Tuchukue Neno la Hekima, kwa kuwa kwetu chai ndiyo karibu mgeni. Ufunuo huo ulitolewa Kirtland, Ohio, tarehe 27 Februari 1833, na mstari wake wa 2 unasema haukuja kwa amri wala kwa kushurutisha. Tangu 1921 kulishika kumekuwa sharti la kupata kibali cha hekaluni. Anayeuliza kwa nini ushauri umekuwa sharti hajakufuru, amesoma. Aelezwe kwamba tunaamini Bwana huendelea kuwaongoza watu wake kupitia manabii, kisha aachwe alijaribu neno lenyewe. Kinachoharibu jaribio hili mara nyingi ni kujificha: mtu anakunywa kikombe msibani ili asionekane mwenye dharau, halafu anamficha mwenzake, na mwezi mzima unabaki kuwa wa woga. Likivunjika, sema limevunjika, anza tena. Chemsha tangawizi au mchaichai bila majani ya chai, na usihubiri juu ya birika la mwingine.

Tukirudi kwa Alma 32, mstari wa 34 unatuwekea mpaka tunaouruka sana: neno likimea, maarifa yako ni kamili *katika jambo hilo*. Aliyepata jibu kuhusu zaka hajapata jibu kuhusu historia yote ya Kanisa. Na anayeumizwa na kizuizi cha ukuhani kwa watu wenye asili ya Afrika nyeusi, kilichodumu hadi Juni 1978, halazimiki kukana kilichochipua ndani yake alipomwomba Kristo msamaha. Swali lake ni la haki na linastahili kusikilizwa hadi mwisho.

Kwa wanandoa wasioafikiana, someni pamoja Alma 30:7–9. Hata Korihori, mpinga Kristo, alipokuwa akihubiri kwamba hakuna Kristo, sheria ya nchi haikuwa na adhabu kwa imani ya mtu. Kisha Mafundisho na Maagano, kitabu chetu cha mafunuo, 121:41–42: hakuna uwezo wala ushawishi unaopaswa kudumishwa kwa sababu ya ukuhani, ila kwa kushawishi, uvumilivu, upole na upendo usio unafiki. Mume anayemwamuru mkewe aamini amekwisha kutoka nje ya mistari hiyo, hata kama anachokiamini ni kweli tupu. Na sehemu ya 46:13–14 ya kitabu hicho yasema wengine hupewa kujua, na wengine hupewa kuamini maneno ya hao wanaojua. Yote mawili ni vipawa vya Roho.

Walimu wa Shule ya Jumapili, ndugu au dada akisema darasani "mimi sijui," msimruhusu anayefuata kukimbilia kumfunika kwa ushuhuda wake. Nyamazeni kidogo. Muulizeni ni neno gani alilijaribu, kwa muda gani, na aliona nini. Akisema hakuona kitu, mshukuruni, na mumkaribishe tena Jumapili ijayo bila kumbadilishia sura.