Siku moja maishani mwangu: meno, seli shina na foleni ya wagonjwa Busia

Saa 12:40 asubuhi. Nafika kliniki kabla malori ya mpakani hayajaanza kupiga honi. Umeme upo, kwa hiyo koleo na vioo vya mdomoni vinaingia kwenye mashine ya mvuke mara moja. Ukikatika saa tatu, nusu ya kazi ya siku inalala. Dada Nekesa, msaidizi wangu, anapiga deki. Chai na chapati tunamaliza tukiwa tumesimama.

Saa 2. Wa kwanza ni mtoto wa miezi 7, yuko mgongoni kwa mama yake, Mama Nafula, mwili unachemka. Bibi yake ndiye anayeanza kusema.

"Daktari, huyu ana ebino. Kuna mzee kule kwetu anazitoa. Tumekuja kwako kwa sababu Mama Nafula amekataa."

Ninainua mdomo wake kwa kidole. Ufizi wa chini, pale chonge itakapoota, umevimba kidogo na kung'aa weupe, kama punje ya mchele iliyo chini ya ngozi. Hicho ndicho watu wanachokiita ebino, au meno ya plastiki. Wanaozitoa hutumia spoku ya baiskeli au kisu, bila ganzi, kisha wanamwonyesha mama kitu laini cheupe na kumwambia ni mnyoo uliokuwa unamletea mtoto homa na kuharisha.

"Bibi, huyo si mnyoo," namwambia. "Ni jino changa, halijakuwa gumu."

Namchorea kwenye karatasi. Ndani ya kile kitu laini kuna seli shina, yaani seli ambazo bado hazijapangiwa kazi. Nyingine zitakuwa kiini cha jino, yaani nyama laini ya ndani, nyingine zitajenga mzizi, nyingine zitakuwa nyuzi za kulishika jino kwenye mfupa. Ukichokonoa, unazitoa zote, na chonge ya ukubwani iliyojificha chini yake inaweza kuharibika au isiote kabisa. Nimeshaona vijana wa miaka 15 wasio na chonge hata moja. Na hao ni waliopona, kwa sababu jeraha lile linaweza kuleta pepopunda au damu isiyokatika.

Sikumgombeza. Bibi amezika wajukuu wawili kwa homa, na anatafuta adui anayeweza kumwona kwa macho. Nimewaandikia barua waende kituo cha afya wakapime malaria sasa hivi, na Mama Nafula amechukua namba yangu.

Saa 4:15. Boda inasimama mlangoni kwa kishindo. Mwalimu amemleta kijana wa miaka 12 aliyeanguka uwanjani, jino la mbele limo kwenye leso. Dakika 40 zimepita na jino limekauka. Nalishika upande wa kutafunia, nalisuuza kwa maji ya chumvi ya hospitali bila kugusa mzizi, nalirudisha kwenye tundu lake na kulifunga kwa waya kwenye meno ya jirani. Kwenye ngozi nyembamba ya mzizi kuna seli shina, watafiti walizitambua mwaka 2004, na ndizo zinazoweza kulishikisha jino upya. Zikikaa kavu saa nzima, nyingi zinakufa. Mwalimu anauliza angefanya nini. Maziwa baridi ya dukani, mwalimu, kikombe kimoja tu. Au kulirudisha palepale uwanjani, mradi si jino la maziwa. Natamani maneno hayo yaandikwe kwenye ukuta wa kila shule ya wilaya hii.

Saa 7. Posho na mukene, yaani ugali na dagaa. Mtu anapita na vidonge anavyosema ni seli shina, vinatibu kisukari na macho. Namwambia wazi mbele ya wagonjwa: seli shina ni kitu hai, haikai kwenye kidonge kikavu ndani ya begi juani. Anaondoka.

Saa 8:30. Wandera, miaka 9. Huyu nimemsubiri wiki nzima. Mwaka jana alivunjika jino la mbele, kiini kikafa kabla mzizi haujamaliza kukua. Kuta zake zilikuwa nyembamba kama ganda la yai. Jino la namna hiyo hata likizibwa, linaweza kuja kukatika.

Tulilisafisha ndani, tukaweka dawa kwa wiki 3. Aliporudi nilimchoma ganzi isiyo na adrenalini, ili mishipa isibane, kisha nikapitisha sindano nyembamba kidogo nje ya ncha ya mzizi mpaka damu ikapanda ndani ya jino. Ile damu ndiyo dawa. Inabeba seli shina kutoka kwenye nyama changa ya ncha ya mzizi, zilizoelezwa na watafiti mwaka 2006, na ikiganda inakuwa kama jukwaa la fundi, seli zinapata pa kushika. Juu yake tukaziba kwa simenti ya meno.

Leo nimeshika picha mbili za eksirei dirishani, ya zamani na ya sasa. Mzizi umerefuka. Kuta zimenenepa. Nimezitazama mara tatu.

"Hizo seli zilitoka Marekani?" mama yake anauliza.

"Hapana, mama. Ni zake mwenyewe."

Nimemwambia ukweli pia: kilichoota humo si lazima kiwe kiini halisi, mara nyingi ni tishu inayofanana na mfupa, na ataendelea kuja kuangaliwa.

Saa 10. Binti wa miaka 6, jino la maziwa linacheza. Linatoka kwa kuvutwa kidogo tu. Baba yake ana kaka Ulaya aliyemwambia aligandishe jino hilo. Nalipindua kwenye mwanga: chini kuna kipande chekundu cha nyama. Hicho ndicho alichokiona Songtao Shi, mtafiti huko Marekani, kwenye jino la binti yake, naye alikuwa na miaka 6. Mwaka 2003 yeye na wenzake walitangaza kwamba ndani yake mna seli shina, kama 12 hadi 20 tu kwa jino moja, lakini zenye nguvu ya kuzaana. Mwaka 2018 watafiti wa China waliripoti kuzitumia kufufua viini vya meno ya watoto walioumia. Kuzihifadhi kunataka naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, miaka na miaka, kwa malipo. Nimemwambia asiguse ada ya shule kwa ajili hiyo. Matibabu yenyewe bado yako kwenye majaribio.

Saa 12:20 jioni. Dada Nekesa anafunga ndoo nyekundu ya taka. Simu inalia. Ni Mama Nafula: kipimo kimeonyesha malaria, mtoto ameanza dawa na ananyonya. Bibi anauliza kama anaweza kuja Alhamisi na jirani yake, ambaye mjukuu wake pia ana homa.