Kumshusha mtu mwenye kiti mwendo kwenye ukingo wa barabara

Mara nyingi mimi ndiye ninayemsukuma dada yangu mkubwa tunapokwenda Kariakoo, na ningependa kila msaidizi afahamu kwamba ukingo wa barabara hushukwa kinyumenyume. Kiti kikisukumwa kimetazama mbele, magurudumu madogo hutangulia kudondoka, kiti hukwama ghafla, na aliyeketi huweza kurushwa barabarani.

Kabla ya yote, mwulize mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye anayekijua kiti chake na mwili wake. Mimi husema, "Dada, nakugeuza," kisha husubiri aitikie. Nikisubiri, hukagua mipira ya vishikio, maana mpira uliolegea au kuloa jasho huweza kuchomoka mkononi wakati uzito wote umekuelemea. Kama kiti kina vigurudumu vya kukizuia kisipinduke nyuma, navyo vikunjwe kwanza, la sivyo vitakwama ukingoni.

Geuza kiti mpaka mgongo wake uelekee barabarani moja kwa moja, kwa sababu kikikaa mshazari gurudumu moja litashuka kabla ya lingine na kiti kitalala ubavu. Tazama magari na bodaboda pande zote, ushuke wewe kwanza, usimame mguu mmoja nyuma ya mwingine, kisha uvute polepole hadi magurudumu makubwa yote mawili yafike ukingoni pamoja. Yaache yabingirike kushuka yakiwa yameegemea ukingo, nawe upokee uzito kwa miguu na nyonga, si kwa kiuno kilichopinda. Endelea kurudi nyuma, kiti kikiwa kimeinama kidogo kukuelekea, mpaka magurudumu ya mbele pamoja na miguu ya aliyeketi iwe imeuacha ukingo kabisa, ndipo uyashushe chini taratibu. Hapa ndipo haraka huwaponza wengi: hugeuza kiti mapema, na vidole vya miguu vya mgonjwa au mzee wa watu vikagonga zege.

Katika mitaa yetu kuna pia mitaro isiyofunikwa, hivyo chagua mahali pa kushukia kabla hujageuka. Mteremko ukiwepo, hata mbali kidogo, ni bora kuufuata, na kwa kiti cha umeme, ambacho ni kizito mno, usijaribu njia nyingine. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, yaani ukingo wa sentimita 15 huhitaji mteremko wa sentimita 180. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu tangu 2010, na inaniuma kuona kingo mpya zikijengwa bila mteremko wowote.

Wapita njia wetu ni wakarimu, lakini wengi hukimbilia kunyanyua kiti kwa kushika mikono yake au vikanyagio, sehemu ambazo kwenye viti vingi huchomoka. Anayetaka kusaidia, mimi humwomba asimame barabarani nyuma yangu, anyooshe mkono, na kuwazuia bodaboda hadi tumalize kushuka.